Barua kwa kampuni iliyokarabati shule yetu Kigoma: mmetutoza uchukuzi wa mchanga wa hapa hapa

Kamati ya Shule ya Msingi,
Manispaa ya Kigoma Ujiji,
Mwishoni mwa Novemba.

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ujenzi,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU GHARAMA ZA UKARABATI WA MADARASA MANNE NA UBOVU WA KAZI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi mwenye watoto wawili katika shule mliyoikarabati, ni mjumbe wa kamati ya shule, na kazi inayonilisha ni uashi. Nyumba nilizojenga ziko Mwanga, Gungu na Ujiji, na wenye nyumba wapo, mnaweza kuwauliza. Kikao cha wazazi kimenituma niwaandikie moja kwa moja. Msimamizi wenu wa saiti tulishamweleza haya yote kwa mdomo, kwa heshima, na kila mara jibu lake lilikuwa moja: "Mzee, Kigoma ni mbali."

Basi naomba tuzungumzie huo umbali, kwa sababu ndiyo hoja mliyoitumia kupandishia bei kuanzia ukurasa wa kwanza wa BOQ, yaani orodha yenu ya kazi, vifaa na bei zake, hadi wa mwisho.

Kazi mliyopewa ilikuwa kuezua na kuezeka upya madarasa manne, kung'oa plasta iliyochoka na kupiga mpya, kumwaga sakafu, kuweka milango na madirisha, kuziba nyufa na kupaka rangi. Bei yake ni shilingi milioni 104 pamoja na VAT, yaani milioni 26 kwa kila darasa. Hapakuchimbwa msingi. Hapakupandishwa ukuta, ukiacha kipande cha nyuma cha darasa la mwisho ambacho kilikuwa kimelala. Kuta ni zile zile walizosomea kaka zetu.

Wazazi walipoisikia hesabu hiyo kikaoni, wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi. Aliuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kumjibu: mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipokuja, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa shilingi milioni 20 kila moja, kuanzia msingi mpaka bati. Iweje kulitengeneza la zamani kuzidi kujenga jipya kwa milioni sita?

Najua mtajibu nini, na sehemu ya jibu lenu nitawaunga mkono. Bei ya vifaa imepanda tangu mwaka ule. Madarasa yale yalijengwa kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa mitaani kama mimi, bila faida ya mkandarasi. Ninyi mna mhandisi wa kumlipa, mna kodi, mna bima. Tena jengo la zamani lina mambo yake: unaezua ukidhani unabadilisha bati tu, unakuta kenchi zote zimeliwa na mchwa. Hayo nayakubali, na niliyasema kikaoni mbele ya wazazi waliokuwa na hasira. Ninachokataa ni mstari mmoja ambao hauelezeki kwa lolote kati ya hayo.

Mstari huo umeandikwa "Uchukuzi", na umepigwa kwa asilimia 30 ya thamani ya vifaa vyote. Vifaa vyote ni milioni 52, kwa hiyo uchukuzi umekuwa milioni 15.6. Neno lililoniuma hapo ni "vyote".

Saruji inatoka mbali, hilo hatubishani. Mabati, nondo, rangi, vitasa, vioo, vyote hivyo vinasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na mwenye duka hapa mjini hawezi kuviuza kwa bei ya Kariakoo. Ingawa hata hapo nina neno: reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na saruji inayotoka huko chini haituishii sisi, inapakiwa melini kwenda Bujumbura, Burundi, na Kalemie, Kongo. Hapa ni njia ya biashara ya nchi tatu. Lakini tuseme yaishe, vifaa vya kiwandani vina haki ya kudai nauli.

Mchanga je? Mchanga wenu ulikuja na Fuso za hapa mjini, tripu kwa tripu, na madereva wake ni watu tunaosali nao. Kokoto zilinunuliwa kwa akina mama wanaozigonga kwa nyundo juani, mtoto mgongoni. Walilipwa kwa ndoo, bei ile ile wanayomuuzia kila mtu. Mawe ya kuzungushia msingi uliokuwa umelika ni ya hapa. Matofali ya kuchoma ya kile kipande cha ukuta yalitoka kijiji cha jirani. Mbao mlinunua mjini, na bei yake dukani ilishabeba nauli yake. Nimezijumlisha bidhaa hizo kutoka kwenye BOQ yenu wenyewe, nimepata milioni 19. Asilimia 30 yake ni milioni 5.7, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 juu yake inakuwa milioni 6.7. Hiyo ni nauli ya safari ambayo haikufanyika.

Naomba msiione hiyo kuwa fedha ndogo ndani ya mradi mkubwa. Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo humo kuna vitabu. Milioni 6.7 ni ruzuku ya mwaka mzima ya watoto 670. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mwalimu mkuu hana mfuko mwingine wa uhakika wa kununulia chaki, kulipia umeme na kurekebisha kitasa. Wakati tunabishana hapa juu ya uchukuzi wa kokoto, vyoo vya wasichana havijaguswa, na tuliambiwa havikuingia kwenye mradi kwa sababu fedha hazikutosha.

Mstari mwingine ni "Malazi na posho za mafundi". Mafundi waliopanda juu ya paa lile ni vijana wa Mwanga na Katubuka. Wawili nimewafundisha kushika mwiko mimi mwenyewe. Walikuwa wanarudi kulala kwao kila jioni, na wanasema hawajawahi kuiona posho hiyo. Kama ni ya mhandisi na msimamizi, basi iandikwe hivyo na iwe ya watu wawili.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Kazi ingekuwa nzuri, wazazi wengi wangenung'unika wakanyamaza.

Mlikabidhi Juni, kiangazi, na siku hiyo madarasa yalipendeza kweli. Mvua za Novemba ndizo zimefanya ukaguzi. Darasa la tatu linavuja sehemu tatu, mbili kati yake katikati ya madawati. Nilipanda juu na mwenyekiti wa kamati tukaangalia. Misumari mingi imepigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni. Fundi yeyote anajua kwamba maji hupita bondeni, ukitoboa hapo umeyafungulia mlango. Kofia nazo, yale mabati ya kufunika kilele cha paa, zimepandiana kidogo mno, upepo wa ziwani ukipiga mvua inaingia kwa chini. Mwalimu wa darasa hilo, mvua ikianza, anasogeza madawati yote upande wa mlangoni, na watoto wanabanana wanne wanne mpaka ipite. Sera inataka wanafunzi 45 kwa chumba. Sisi tumeshazidi hata bila kuvujiwa.

Kuhusu mabati yenyewe, BOQ inasema geji 28 na ndiyo bei iliyolipwa. Vipande mlivyoviacha nyuma ya stoo vina chapa ya kiwanda inayosomeka vizuri: geji 30. Kwa asiyejua, namba ikipanda unene unapungua. Vipande hivyo tumevifungia ofisini, na picha zake nimeziambatanisha na barua hii.

Sakafu inatoa unga. Wanafunzi wa zamu wanamwaga maji kila asubuhi kabla ya kufagia ili wenzao wasikohoe, jambo walilokuwa wakilifanya kwenye sakafu ya zamani mliyolipwa kuiondoa. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, likimwagiliwa maji wiki nzima, halifanyi hivyo. Sikuwepo mlipokuwa mnachanganya, kwa hiyo siwezi kuapa mifuko mingapi iliingia. Ila nilikuwa napita asubuhi kuwaleta watoto, na sakafu ya darasa la nne niliiona kavu, nyeupe, siku mbili tu baada ya kumwagwa.

Plasta ndiyo iliyonisikitisha zaidi kama fundi. Mwalimu wa jiografia alitaka kutundika ramani ya Tanzania. Akapigilia msumari wa inchi moja na nusu, na kipande cha plasta kikubwa kuliko sinia kikaanguka chini mzima mzima. Nyuma yake tofali ni safi, halina hata alama ya saruji kushika. Maana yake ukuta haukukwanguliwa wala haukuloweshwa maji kabla ya kupigwa. Hii kazi anafanyiwa mtu ambaye mnategemea hatarudi kuangalia. Watoto wanakaa chini ya kuta hizo kutwa nzima, na kipande kile kingeweza kumwangukia mmoja wao kichwani.

Kuna jambo dogo ambalo wazazi wamesisitiza niliandike. Maji ya kazi yote mlichota kwenye bomba la shule. BOQ ina fungu la maji, na mkalipwa. Bili za miezi hiyo zimekuja kwa mwalimu mkuu, akazilipa kwa ruzuku. Nakala zimeambatanishwa.

Tunachowaomba ni hiki. Kwanza kabisa, rudini mrekebishe. Mkataba una kipindi cha matazamio cha miezi 12, kwa hiyo mpaka Juni mwakani kasoro hizi ni mzigo wenu, hatuwaombi hisani. Watoto wanafunga shule Desemba na kufungua Januari. Likizo hiyo ndiyo nafasi. Paa la darasa la tatu lifumuliwe, na madarasa yote manne yapate bati la geji mliyolipwa. Plasta igongwe ukuta mzima, kila panapolia tupu ing'olewe ipigwe upya. Sakafu zivunjwe. Msije na ndoo ya saruji ya kupaka juu, tutawarudisha.

Pili, tunataka mchanganuo wa uchukuzi kwa risiti: gari gani, lilibeba nini, kutoka wapi, kwa shilingi ngapi. Kile ambacho hakina risiti kirudishwe Halmashauri pamoja na fedha ya maji na ya malazi yasiyolaliwa. Tumemwandikia Mkurugenzi wa Manispaa tukipendekeza fedha hiyo, ikirudi, ianzie kwenye vyoo vya wasichana. Tumemwomba pia sehemu ya malipo yenu iliyozuiliwa isiachiwe mpaka kamati ya shule iwe imesaini kwamba kazi imekamilika.

Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii mtujibu kwa maandishi. Mkikaa kimya, tutapeleka malalamiko haya na viambatanisho vyote kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo ndiyo iliyowapa cheti chini ya Sheria Na. 17 ya mwaka 1997 na ndiyo yenye mamlaka ya kuwauliza.

Nimalizie na jambo la kuja kwenu. Asije msimamizi yule peke yake. Aje mhandisi mwenye uwezo wa kuamua, na aje siku ya mvua kama ataweza, aone mwenyewe pale darasa la tatu. Funguo anazo mwalimu mkuu. Mtoe taarifa siku mbili kabla ili mwenyekiti na mimi tuwepo, na ngazi ya kupandia juu ninayo, nitakuja nayo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mjumbe wa Kamati ya Shule,
kwa niaba ya wazazi.

Nakala:
Mkurugenzi wa Manispaa
Mwenyekiti wa Mtaa
Mwalimu Mkuu – kwa kumbukumbu

Viambatanisho: picha za paa, plasta na chapa ya mabati, nakala za bili za maji, muhtasari wa kikao cha wazazi.