Barua ya malalamiko: modeli ya Tulyar yenye namba mbili na mlio wa injini nyingine

Mombasa,
17 Machi 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: MODELI YA KICHWA CHA TRENI CHA DIZELI, DARAJA LA 55, NAMBA 55 015 TULYAR

Ninaandika barua hii baada ya kulisoma mara mbili jibu lenu la tarehe 10 mwezi huu, ambalo, kwa masikitiko yangu, halikujibu hata moja kati ya mambo niliyowaeleza. Tarehe 14 Januari niliwalipa kwa M-Pesa shilingi 52,000, ikiwa ni bei ya modeli pamoja na gharama za kuisafirisha kutoka Uingereza, na tarehe 21 Februari nikachukua kifurushi hapa Mombasa kikiwa na lakiri yake. Tangazo lenu lilinadi modeli ya wakusanyaji, ya toleo la idadi maalumu, kwa kipimo cha 1:76, yaani kila urefu umepunguzwa mara 76, ikiwa na namba 55 015 na jina la Tulyar, katika rangi ya buluu ya British Rail, shirika la reli la Uingereza la wakati huo, na yenye spika itoayo mlio uliorekodiwa kutoka kwa kichwa chenyewe. Rangi ya buluu niliipata.

Nianze na namba, kwa kuwa jambo hili halihitaji ujuzi wowote isipokuwa macho. Ubavu wa kushoto wa modeli umeandikwa 55 015, kama ilivyotakiwa. Ubavu wa kulia umeandikwa 55 013. Vibao vya jina, pande zote mbili, vinasema Tulyar. Vichwa vya daraja hilo, ambavyo wapenzi wa reli huviita Deltic, vilikuwa 22 tu, vyote vikiwa vimejengwa katika kiwanda cha Vulcan Foundry, Newton-le-Willows, Uingereza, kati ya 1961 na 1962, na kila kimoja kilikuwa na jina lake: vile vya karakana ya Finsbury Park, London, vilipewa majina ya farasi wa mashindano, na vile vya Haymarket na Gateshead vikapewa majina ya vikosi vya jeshi. Namba 55 013 ni ya The Black Watch, kichwa cha Haymarket, Edinburgh, ambacho baada ya kuondolewa kazini kilikatwakatwa kuwa chuma chakavu huko Doncaster. Tulyar, kwa upande wake, ndicho kilichovuta treni ya kuagia kutoka stesheni ya King's Cross, London, hadi Edinburgh tarehe 2 Januari 1982, na ni miongoni mwa vichwa sita vilivyohifadhiwa hadi leo. Kwa hiyo nikiizunguka meza yangu, upande huu naona kichwa kilichookolewa, na upande ule naona kichwa kilichokwisha kuyeyushwa.

Huenda mkajiuliza kwa nini nilitaka Tulyar na si kingine. Farasi aliyekipa kichwa hicho jina alikuwa mali ya Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, na alishinda mbio za farasi za Derby huko Epsom, Uingereza, mwaka 1952. Naye Aga Khan huyo ndiye yule ambaye wazee wetu wa Pwani walimkumbuka kwa Jubilii ya Almasi ya mwaka 1946, alipopimwa uzito kwa almasi mjini Dar es Salaam. Marehemu baba yangu alipenda kusimulia habari hiyo. Nilichagua jina hilo kwa makusudi, na sikuwa tayari kupokea nusu yake.

Kasoro ya pili ni ya mlio, na hii ndiyo iliyoniuma zaidi. Deltic ya kweli ina injini mbili za kampuni ya Napier, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 1,650, na injini hizo huwashwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo mtu aliyesimama jukwaani husikia kuwaka mara mbili. Ni injini zilizotokana na usanifu wa boti za kasi za jeshi la wanamaji: silinda 18 zimepangwa kwa umbo la pembetatu iliyosimama juu ya ncha yake, na ndani ya kila silinda pistoni mbili huelekeana, zikikamilisha kila mzunguko wa kazi kwa mipigo miwili (mpigo ni mwendo mmoja wa pistoni, kwenda au kurudi). Matokeo yake ni mvumo mzito usiokatika, ambao hupanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Modeli yenu huwaka mara moja tu, kisha hugonga, na kati ya kishindo na kishindo mtu anaweza kuhesabu.

Nilianza kazi ya ufundi wa dizeli katika karakana ya reli Nairobi mwaka 1978, na miongoni mwa vichwa tulivyovihudumia vilikuwemo vya daraja la 87, ambavyo English Electric ilivijengea Reli ya Afrika Mashariki kuanzia 1960, hukohuko Vulcan Foundry. Mlio uliotoka kwenye spika ya modeli yenu niliutambua kabla sijavuta kiti: ni mlio wa injini ya English Electric ya umbo la V, yenye mipigo minne, kama ule wa daraja la 37 la Uingereza, ukoo uleule wa injini ambazo mafuta yake yalikaa chini ya kucha zangu miaka mingi. Nakiri kwamba kwa dakika moja hivi nilifurahi kuusikia tena, hata mke wangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Hata hivyo, sikuulipia mlio huo, na haukuwa wenu kuutia ndani ya Tulyar.

Jibu lenu linasema kwamba dizeli zote hulia namna moja. Naomba yeyote aliyeandika sentensi hiyo asiirudie mbele ya mtu aliyewahi kufanya kazi ya reli. Linasema pia kwamba namba ya ubavu wa pili haionekani modeli ikiwekwa kabatini, na kwamba kosa la uchapaji huenda likaongeza thamani yake, kama inavyokuwa kwa stempu zilizochapwa vibaya. Ikiwa hayo ndiyo maoni ya kampuni, basi nithibitishieni kwa maandishi ni nakala ngapi za toleo hili zina kosa kama langu, kwa kuwa stempu yenye kosa huwa na thamani pale tu idadi yake inapojulikana. Na mkiwa katika kazi hiyo, mnieleze pia kwa nini cheti changu kinasema nakala ya 212 ilhali kibandiko cha boksi kinasema ya 221. Mkusanyaji yeyote atakayetaka kuinunua kwangu siku moja ataanza kwa kulinganisha vitu hivyo viwili.

Sipendi mnidhanie mtu wa kutafuta makosa. Nafahamu kwamba reli ya modeli yenye upana wa milimita 16.5, kwa kipimo cha 1:76, ni sawa na reli ya kweli ya milimita 1,254, ilhali ile ya Uingereza ina 1,435. Kasoro hiyo ni ya kipimo chenyewe, ni ya zamani, wakusanyaji tumeizoea, na siihesabu. Wala sikulalamika kwamba kishikio kimoja cha mlango wa dereva kilifika kimechomoka. Nilikikuta ndani ya boksi, nikakirudisha mahali pake bila gundi.

Kuhusu hoja yenu kwamba siku saba za kurudisha bidhaa zimepita, kumbukumbu ziko wazi. Niliwaandikia barua pepe tarehe 22 Februari, siku moja baada ya kuchukua kifurushi, nikiambatisha picha za pande zote mbili na sauti niliyoirekodi kwa simu. Mlikaa siku 16 bila kunijibu. Muda uliopotea mikononi mwenu hauwezi kuhesabiwa juu yangu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili.

Ninachoomba ni kimoja kati ya viwili, na uamuzi nawaachia ninyi. Mnaweza kuniletea modeli nyingine ya 55 015 Tulyar, yenye namba moja pande zote mbili, mlio wa injini mbili za Napier, na cheti kinacholingana na boksi, kwa gharama yenu. Au mnirejeshee shilingi 52,000 zote, bila kukata gharama za usafirishaji. Pendekezo lenu la kunitumia kibandiko cha namba nijibandikie mwenyewe silikubali, kwa sababu namba iliyobandikwa nyumbani huishusha thamani modeli ya wakusanyaji kuliko hata namba iliyokosewa kiwandani.

Nasubiri jibu lenu la maandishi kabla ya tarehe 31 Machi 2025, nisipolipata nitalipeleka suala hili katika Mahakama ya Madai Madogo. Modeli imo ndani ya boksi lake pamoja na cheti, karatasi zake zote na risiti, na mjumbe wenu anaweza kuja kuichukua siku yoyote ya kazi.

Wenu,
Fundi mstaafu wa reli,
Mombasa.

Viambatisho: nakala ya risiti, picha nne za modeli, picha ya cheti na ya kibandiko cha boksi, na nakala ya barua pepe ya tarehe 22 Februari.