Salamu za Krismasi na mwaka mpya kutoka St. Paul, pamoja na firigisi ya baba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za masiku, wadogo marahaba. Mwaka umeisha tena, na dada yangu mkubwa tangu Jumapili ananitumia meseji "salamu za familia umeandika?" maana kazi hii ilikuwa ya baba na sasa imeniangukia mimi, nadhani kwa sababu ndo mwenye maneno mengi. Basi kwa niaba ya mama, ndugu zangu, mashemeji, wajukuu na ukoo wote ulioko Mufindi, Iringa mjini, Makambako, Dar na huku Unyamwezini, yaani Marekani, nawatakia heri ya Krismasi na mwaka mpya 2026 wenye afya, baraka na amani. Mungu aliyetuvusha huu ndiye atakayetuvusha na huo unaokuja. Amina.

Mwaka wenyewe jamani tumeuona. Machi dazeni ya mayai ilifika dola 6.23 kwa wastani nchi nzima, mama akawa anayahesabu kwenye friji kama bibi alivyokuwa anahesabu kuku wake jioni, na nyama ya ng'ombe na kahawa ndo usiseme. Ikaja Oktoba serikali ya huku ikafungwa, kuanzia tarehe 1 mpaka Novemba 12, siku 43, wafanyakazi wa serikali kuu hawana mshahara, pesa za chakula za Novemba zikakwama, nikaona kwenye foleni ya chakula cha bure watu ambao mwaka jana walikuwa upande wa kugawa. Na katikati ya hayo Oktoba 29, siku ya uchaguzi, nyumbani mtandao ukazimwa, siku kadhaa tunatuma meseji zinabaki tiki moja, kila mtu anamuuliza mwenzake umempata nani. Wapo ambao mtandao uliporudi walikuta msiba. Poleni sana, sina maneno mengine. Sisi yetu ilikuwa Aprili, baba.

Nilitaka niendelee hapo ila namjua mzee, angesoma mpaka hapa angesema hizi ni salamu au matanga, wasimulie ya bata mzinga. Haya.

Tulifika Oktoba 1995, baba kapata ile bahati nasibu ya viza, moja ya zile za mwanzo kabisa, na njia nzima alikuwa na wimbo mmoja tu, sisi watu wa Mufindi baridi tunaijua. Uwanja wa ndege tulipokelewa na watu wa kanisa, maana Walutheri wa St. Paul na dayosisi ya Iringa wana ule ushirika wao wa Bega kwa Bega toka zamani, na kati yao kulikuwa na bibi mmoja wa kizungu, mzee kabisa, akamshika mama mikono yote miwili akamwambia "kamwene", salamu yetu ya Kihehe. Mama akamgeukia baba, tumekosea ndege. Wiki hiyohiyo baba akasikia kwenye TV kesho itakuwa digrii 30, akacheka, akasema sasa hii si Dar kabisa, asubuhi akatoka na shati la mikono mifupi kwenda kutafuta gazeti. Hakuna aliyemwambia kuwa huku wanapima kwa Fahrenheit na hiyo 30 yao maji yameshaganda. Alirudi mlango haujajifunga vizuri, akakaa, akasema TV za huku zinadanganya. Kesho yake tukapelekwa kanisani kuchagua makoti, mitumba ya nguvu kweli, mimi mtoto wa kiume nikaangukia la pinki la msichana mkubwa, linafika kwenye viatu. Nililivaa mpaka likanienea.

Hatujazoea hata kuwasha hita, jioni ya Oktoba 31 mlango ukagongwa. Baba kuchungulia kwenye kitundu akaona fuvu, nyuma yake mchawi mwenye kofia ndefu, nyuma yake kitu cheupe hakina miguu, na wote wafupi. Baba akasema wachawi wafupi ndo wabaya. Taa zikazimwa, tukapigishwa magoti sebuleni, mama anakemea mapepo kwa kunong'ona ili mapepo yenyewe yasimsikie, na kengele inalia mpaka saa tatu. Asubuhi shuleni kila mtoto ana mfuko wa pipi, kumbe ilikuwa Halloween, watoto wanavaa vinyago na kuomba pipi mlango kwa mlango, wanatuuliza nyie mmepata ngapi. Mwaka uliofuata baba ndo alikuwa kamanda wa msafara, kila mtoto na foronya yake, anatuambia nyumba yenye taa msiipite, ila kwa ile baridi ilibidi makoti yakae juu, kwahiyo mimi nilikuwa simba lakini watu walichoona ni koti la pinki. Mama alibaki nyumbani anatuombea. Zile za chokoleti tuliporudi alizila yeye.

Unga nao ulikuwa stori. Mama alizunguka supamaketi nzima akapata unga wa mahindi wa njano, na baba kuona ugali wa njano mezani akasimama kabisa, "Yanga! Nimeikimbia Yanga ya njaa ya miaka ya themanini, kumbe ilikuwa inanisubiri kwao!" Wakubwa mnaijua hiyo, yale mahindi ya njano ya msaada toka Marekani. Na vile alikuwa Simba damu, kidonda kikawa mara mbili.

Alafu Februari 2, 1996. Kule Tower, kaskazini mwa jimbo, ilipiga hasi 60 za Fahrenheit, kwa vipimo vyetu ni kama hasi 51, rekodi ya Minnesota mpaka leo, na gavana Arne Carlson akafunga shule jimbo zima. Redio inatangaza, ila kiingereza cha redio kilikuwa bado hakijamkubali baba, saa kumi na mbili asubuhi keshatuamsha, soksi jozi tatu tatu, tumepangwa mlangoni. Jirani yetu, mzee mmoja wa Kihmong, watu wa milima ya Laos, akatuona dirishani akaja mbio kugonga, na kiingereza chake na cha baba vilikuwa havijawahi kukutana, kwahiyo anatumia ishara, anatikisa kichwa, anapishanisha mikono kifuani, anaonyesha watoto, anaonyesha mbingu. Baba akaelewa amefiwa. Akavaa koti akamfuata kwake kutoa pole, akakaa kwenye kochi kainamisha kichwa kimya kwa heshima zote, kuinua macho watoto wa marehemu mtarajiwa wanaangalia katuni na kucheka. Alipokuja kuelewa kuwa shule imefungwa kwa sababu ya baridi alisema nchi hii haitafika mbali.

Krismasi yenyewe kwetu ilikuwa simu. Kadi ya kuchana ya dola tano, namba ndefu mpaka dada anaisoma na baba anabonyeza, na bibi kule ameshapelekwa kusubiri kwenye simu ya ofisi ya usharika, siku imepangwa kwa barua. Yule mama wa kwenye kadi anatangaza dakika zilizobaki, hazizidi kumi. Bibi anaanza, kamwene, hamjambo, watoto je, na hao mliofikia kwao hawajambo, ng'ombe wao je, na baba hathubutu kumkatiza mama yake, anajibu moja moja kwa adabu jasho linamtoka, sisi tuko kwenye foleni ya kusalimia, zamu yangu ikifika nasema "shikamoo bibi" nasikia "mara" na laini imekatika. Marahaba kamili ya bibi nilikuja kuipata 2003 nilipoenda mwenyewe. Siku zile za Oktoba mtandao umezimwa nilimkuta mama anapekua droo, ananiuliza zile kadi bado zinauzwa?

Sasa bata mzinga. Baba alikuwa anabeba boksi ghalani shifti ya usiku, na Novemba ile ya kwanza kila mfanyakazi akapewa bata mzinga mmoja wa friza, jiwe. Mama oveni haiamini, sufuria haimtoshi, baba akaenda kuazima msumeno. Tumekata, na katikati ya kukata kikadondoka kifuko cha karatasi, kukifungua ndani kuna shingo, maini na firigisi. Nyumba ikanyamaza. Baba akakishika, akasema taratibu kabisa kama mtu aliyeamua kusamehe, "kumbe hawa watu wana adabu, wamenifungia kwenye bahasha." Bata mwenyewe alichemshwa na tangawizi na nazi ya kopo toka asubuhi mpaka giza, na mchuzi ule sijawahi kuupata tena. Toka hapo kila mwaka, hata tulipopata nyumba zetu na kujua kuoka kama wenyeji, bahasha ya mzee ni ya mzee, inapelekwa na mjukuu mdogo kuliko wote.

Mwaka huu Thanksgiving, ile sikukuu ya Novemba ya bata mzinga, nyumba imejaa, dada kachomoa kifuko akabaki nacho kwenye sinki hajui akiweke wapi. Shemeji yetu mmoja, simtaji, akasema kama hakina mwenyewe... tukamwangalia wote mpaka akaenda kukwangua barafu kwenye gari ambalo halikuwa na safari. Nikaona nichangamshe watu, nikaanza ile ya mzee wa Kihmong, na nilipofika pale baba anapovaa koti nikasita. Maana kila mwaka pale pale ndo alikuwa ananikatiza, "si koti, nilivaa suti, pole haitolewi na koti," tunabishana, mama anasema wote waongo, alijifunga kanga yangu shingoni. Nikasubiri. Mama naye alikuwa anaangalia sahani yake. Nikamaliza hadithi yote moja kwa moja, watu wakacheka vizuri tu, na mimi sikuisikia raha yake hata kidogo. Saivi naweza kusimulia ninavyotaka na hakuna wa kunibishia. Na mpaka leo sijui ilikuwa koti au suti.

Kwahiyo ndugu zangu, hasa tuliolelewa huku, mwenye mzazi amuulize sasa. Muulize alivaa nini, alilipa nini, alimwogopa nani, mwache abishe, mwache aseme uongo wake, simu wote mnazo, rekodini. Msingoje msiba ndo mtafute mtu wa kuandika historia ya marehemu, mnaanza kuulizana alizaliwa mwaka gani. Na wanaofika sasa hivi hawajui kupaki wala kupanda basi msiwachore, baba zenu walitoka na mikono mifupi kwenye barafu, na mwaka huu wageni wanahitaji makoti kuliko vichekesho. Acheni kununua Krismasi kwa mkopo ili watoto wapate zawadi ambayo Februari iko chini ya kitanda na deni liko juu ya meza. Ndugu mliogombana kwa kiwanja cha marehemu, pataneni, kiwanja hakikimbii ila nyie mnakimbia, Zaburi ya 90 iko wazi tuzihesabu siku zetu, na anayedhani zake ni nyingi aniambie kazihesabu kwa kipimo gani, Fahrenheit au cha kwetu? Tusameheane, tupigiane simu, tusali pamoja, tuache majivuno, dunia hii...

Haya nimeshaanza kuhubiri, mama akisoma atasema mjukuu wa mwinjilisti.

Basi tena, heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye fanaka, wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama, wafiwa wafarijiwe, wenye makaratasi yaliyokwama yatoke. Tarehe 25 tunakutana kwa mama baada ya ibada. Theluji ikianguka msikilize kama wametangaza dharura na muangalie upande wa kupaki, mwaka huu gari likivutwa hakuna mchango. Makaroni tumeshapata ya kutosha, wa pilau ajitokeze mapema, na shemeji aje tu, tumemsamehe, ila jikoni asiingie.