Visima vipimwe kiangazi jamani

Mhariri, mimi wa Uyole hapa Mbeya, juzi nilikuwa Kigamboni kwa dada nikapewa chai ina chumvi, kumbe kisima cha mtaa ndo kimegeuka hivyo, nikauliza nani alipima mvute kiasi gani kwa siku wakasema fundi aliwaambia maji yapo mengi tu. Mengi sio kipimo! Pwani maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, na hesabu yake inatisha, kila mita 1 ya maji hayo iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 za maji baridi chini yake, sasa ukivuta hovyo ukashusha hiyo moja ujue chumvi inakufuata kutoka chini.

Huku kwetu chumvi hatuna ila ujinga ni uleule. Kisima chetu kilipimwa Machi, mvua inanyesha, kila mtu akafurahi, ikifika Oktoba pampu inakohoa upepo na akina mama wamepanga ndoo toka saa kumi alfajiri. Pimeni Oktoba basi, pampu iende saa 24, mtu ashushe tepu aone maji yameshuka kiasi gani na yanarudi baada ya muda gani.

Msomaji wenu, Uyole