Malalamiko kuhusu API yenu kubadilisha saa za kazi kwenye ratiba ya ujenzi

Kwa: Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu,

YAH: API KUJIBU "IMEFANIKIWA" ILHALI IMEHARIBU SAA ZA KAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpanga ratiba wa mradi wa jengo la ghorofa, na mwaka huu ni wa tatu tangu tuanze kutumia programu yenu ya ratiba.

Kila jioni msimamizi wa saiti hunipa daftari la mahudhurio: mafundi wangapi, vibarua wangapi, kreni imefanya kazi saa ngapi. Naingiza kwenye lahajedwali, kisha programu ndogo tuliyoiandika wenyewe inazipeleka takwimu hizo kwenye ratiba kupitia API yenu, yaani njia ya programu moja kuwasiliana na nyingine moja kwa moja. Ratiba ina kazi zaidi ya 600. Kuzirekebisha kwa mkono ni kukesha, na ndiyo maana tulilipia kifurushi cha juu.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwenye kazi moja tu, kusuka nondo za slabu ya ghorofa ya tatu. Zilikuwa zimebaki saa 480, yaani mafundi 8 kwa saa 10 kwa siku 6. Tukaongeza mafundi wakawa 12. Nondo ni zilezile, kwa hiyo saa zinabaki 480 na siku zinashuka hadi 4. Najua kwamba ukibadilisha idadi ya watu lazima kimoja kisogee, siku au saa. Ndiyo sababu programu yenu ina mpangilio wa aina ya kazi, wa kuamua kipi kisisogee, na sisi tangu mwanzo tulichagua kiasi cha kazi, yaani saa, kisibadilike.

Tulituma ombi la PATCH, yaani la kurekebisha sehemu tu ya rekodi, lenye badiliko moja: watu 12. API ikajibu kwa msimbo 200, yaani mambo safi. Kumbe siku 6 ziliachwa palepale na saa zikapandishwa hadi 720. Nilirudia badiliko lilelile kwa mkono kwenye nakala ya ratiba, saa zikabaki 480 na siku zikawa 4. Skrini inauheshimu mpangilio tuliouchagua, API haijui kama upo.

Zege na pampu viliagizwa kwa tarehe iliyosomwa kwenye ratiba. Mafundi walimaliza siku ya nne, mkaguzi akapitisha nondo, halafu watu wakakaa siku mbili wakiitazama slabu. Kreni ya kukodi ilisimama nayo, na kreni ikisimama malipo hayasimami. Wiki hiyohiyo mhasibu alinipigia kuuliza kwa nini gharama ya kusuka nondo imeongezeka kwa nusu. Sikuwa na jibu, maana saa 240 zilizozidi hakuna fundi aliyezifanya.

Nakubali kwamba nilipaswa kufungua ratiba na kuhakiki. Lakini kama kila mstari nauhakiki kwa macho, nalipia API ya nini?

Nilipofungua tiketi, mhudumu wenu aliniambia nifute kache ya kivinjari. Programu yetu haipiti kwenye kivinjari! Nikaeleza upya, nikatumiwa kiungo cha ukurasa wa maelekezo nilioutaja mimi mwenyewe kwenye malalamiko, ambao kuhusu aina ya kazi hausemi neno. Asubuhi yake tiketi ikafungwa, imeandikwa "imetatuliwa".

Katika kufuatilia hilo nikagundua jingine. Tukituma rekodi 200 kwa mkupuo na 17 zikakataliwa, bado jibu ni msimbo uleule 200 wa mafanikio, wala zilizokataliwa hazitajwi. Upo msimbo wa 207 kwa majibu mchanganyiko. Hata kama hamtaki kuutumia, orodha ya rekodi zilizogoma ingetutosha.

Naomba API ifuate mpangilio wa aina ya kazi kama skrini inavyofanya. Ikiwa hilo litachukua muda, basi jibu la kila ombi lirudishe saa, siku na idadi ya watu vilivyohifadhiwa, ili programu yetu ilinganishe na kupiga kelele palipo na tofauti. Naomba pia orodha ya kazi zote katika akaunti yetu ambazo saa zake zilibadilishwa na API bila sisi kuzitaja. Kumbukumbu za seva mnazo ninyi, sisi hatuna. Hilo la mwisho ndilo la haraka zaidi, kwa sababu ghorofa ya nne inaanza na sijui ni namba zipi za kuamini.

Nimeambatisha ombi tulilotuma, jibu tulilopata, na picha za skrini za kabla na baada. Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mtu aliyewahi kuifungua API hiyo. Kwa sasa saa naziingiza kwa mkono, na ada ya API ya kipindi hiki chote naomba irudishwe.

Wako,

Mpanga Ratiba wa Mradi