Barua kwa binti yangu aliye Kabale: sosi ya nyama ya kulia makaroni

Jinja, Jumanne

Assalaam alaikum mwanangu,

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu, na bibi yako anauliza kama lile blanketi linatosha kwa baridi ya huko.

Ulipopiga simu ukasema walimu wenzako wanakuja kula kwako Jumapili, na kwamba unataka kuwapikia makaroni kwa sosi ya nyama, nilianza kukueleza, salio likakatika. Nimeona heri nikuandikie. Maisha yangu yamepita katika jikoni za hoteli, na katika vyote nilivyopika humo hakuna chakula ninachokionea uchungu kama hiki kikiharibiwa.

Shika neno moja kabla hujawasha moto: sosi ya nyama ni nyama. Nyanya zinaisindikiza tu. Siku hizi ukiagiza mjini unaletewa sahani nyekundu, maji ya nyanya yanaelea, nyama unaitafuta kwa uma. Wenyewe wa chakula hiki, watu wa Bologna kule Italia, hawakupika hivyo kamwe. Tarehe 17 Oktoba 1982 chama cha mapishi cha Waitalia, Accademia Italiana della Cucina, kiliandikisha namna ya kuipika katika Chemba ya Biashara ya mji huo, na mwaka 2023 wakayapitia upya maandishi hayo. Katika yale ya 1982, gramu 300 za nyama ya ng'ombe zilipewa vijiko 5 tu vya sosi ya nyanya. Wao hutia pia nyama ya nguruwe na divai. Sisi hatutii, na sosi yetu haipungukiwi: samli inashika nafasi ya mafuta ya nguruwe, na kijiko kimoja cha siki kinaleta ule uchachu wa divai.

Kwa watu sita nunua kilo moja ya nyama. Nenda buchani asubuhi ileile ya Jumapili. Usichukue nyama iliyokwisha kusagwa ikarundikwa kwenye sinia, maana hujui imekaa tangu lini wala ni vipande gani vimeingia humo. Nyama nzima, vijidudu vyake viko juu juu, na moto unaviwahi. Ikisagwa vinaenea ndani kote, ndiyo maana huharibika upesi. Chagua bega au kidari, penye mafuta kiasi, umwambie mwenye bucha aisage mbele yako, mara moja tu. Kama hana mashine, ikatekate mwenyewe kwa kisu kikali, vipande vidogo kama punje za maharage. Mimi hata mashine ikiwepo hupenda zaidi nyama iliyokatwa kwa kisu, ila mkono unachoka.

Vingine utavipata sokoni hapo hapo: vitunguu maji viwili, karoti mbili nene (huko Kigezi zinalimwa, usikubali zilizonyauka), seleri mashina mawili, nyanya mbivu sita, na kikopo kidogo cha nyanya nzito. Ukikosa seleri, acha. Usitie dania badala yake. Wala usitie binzari, wala vile viungo vya pakiti vinavyofanya kila mchuzi Uganda nzima uwe na ladha moja. Najua mkono wako utaenda huko wenyewe. Uzuie.

Katakata vitunguu, karoti na seleri vidogo kabisa. Yeyusha samli vijiko vitatu, uvitie kwa moto mdogo, ukoroge mpaka vilainike na karoti ianze kunukia tamu. Hapo ni kama robo saa. Viepue, uviweke kando.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo sosi inapopatikana au kupotea. Acha sufuria ipate moto hasa, kisha tia nyama sehemu ndogo tu, si kilo yote kwa mpigo. Itandaze, uiache. Itatoa maji, na utayasikia yakichemka kwa sauti nzito. Nyama itakuwa ya kijivu, haina mvuto. Wengi wakifika hapo wanaona imeiva na wanamwaga nyanya. Ngoja. Maji yakiwa bado yamo, joto la sufuria haliwezi kupanda kupita la maji yanayochemka, na nyama haiwezi kubadilika rangi. Endelea mpaka yakauke. Sauti itageuka yenyewe, ile ya kuchemka iishe ianze kulia ya mafuta, kali na nyembamba, na chini ya sufuria patashika ukoko wa kahawia. Harufu nayo itabadilika, utaijua. Ndipo ugeuze nyama, uiache tena ipate rangi, uitoe, utie sehemu nyingine. Ikiisha yote irudishe pamoja na vitunguu na karoti zako, tia kijiko cha siki na maji ya moto kidogo, ukwangue ule ukoko kwa mwiko mpaka utoke wote. Usiuogope, haujaungua. Utamu mwingi umo humo.

Nyanya zimenye kwa kuzitumbukiza kwenye maji ya moto, zikatekate, uzitie pamoja na vijiko viwili vya ile nzito, chumvi, na maji yanayofika usawa wa nyama. Halafu maziwa, kikombe kimoja, yaliyokwisha kuchemshwa. Usishangae. Watu wa Bologna huyatia tangu zamani; hupunguza ukali wa nyanya na kuifanya sosi iwe laini ulimini. Nawe uko upande wa nchi wenye maziwa ya sifa, sisi huku tunayasikia tu.

Kuanzia hapo ni moto mdogo na muda mrefu. Hapa Jinja ningekwambia saa mbili. Kabale ongeza, ziwe tatu, na nitakueleza sababu. Mji wako uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Pwani ni nyuzi 100 za Selsiasi, kwako ni karibu 94. Yanatokota vilevile kwa macho, ila hayana nguvu ileile, na zile nyuzinyuzi ngumu za bega zinachukua muda zaidi kulainika. Kwa hiyo sosi iwe jikoni kabla ya saa nne asubuhi kama wageni wanakuja saa nane.

Najua unatumia sigiri. Makaa yakishika vizuri, toa mengine, yaliyobaki yafunike kwa majivu. Sosi haitakiwi kuchemka kwa fujo. Inatoa povu moja hapa, moja pale. Mfuniko uuache wazi kidogo. Pitisha mwiko chini kila baada ya muda, na ikikauka ongeza maji ya moto kidogo kidogo, kamwe si ya baridi. Itakuwa tayari mafuta yakipanda juu, na ukiburuta mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga.

Nakuomba sana, mama, hiyo sigiri iwe nje au kibarazani. Kabale baridi, na nasikia watu huingiza makaa chumbani wakafunga madirisha. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu analala haamki. Hata siku ambayo hupiki usiilete ndani kuotea moto. Ongeza blanketi, niambie nikutumie jingine.

Makaroni hayana maneno mengi. Huko Bologna sosi hii huliwa na tambi pana za mayai ziitwazo tagliatelle, lakini dukani kwako utakuta spageti na makaroni mafupi. Chukua mafupi, maana nyama huingia ndani ya vitundu, spageti huiacha chini ya sahani. Pakiti ya gramu 500, maji lita tano, chumvi vijiko vitatu vya chakula. Usitie mafuta kwenye maji, yatafanya sosi iteleze isishike. Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti hazikuandikwa kwa ajili ya Kabale, hivyo usizifuate. Onja moja moja mpaka liwe limeiva lakini bado linakupa kazi kidogo menoni. Kabla ya kumwaga maji, teka kikombe. Yana wanga, na yatakusaidia. Mimina makaroni ndani ya sufuria ya sosi, tia maji hayo kidogo, geuza juu ya moto kwa dakika moja au mbili. Usipakue makaroni meupe na sosi kichwani. Viende mezani vimekwisha kuwa chakula kimoja.

Pilipili manga iwekwe mezani kila mtu ajitilie. Ikibaki sosi na huna friji, mpe jirani siku hiyohiyo, usiilaze.

Mama yako amekutwangia pilipili manga na kukufungia samli kwenye mkebe. Nitavituma Alhamisi usiku kwa basi, kondakta atakuwa na namba yako. Vifuate kituoni Ijumaa asubuhi kabla hujaingia darasani, samli isikae juani. Pesa ya nyama nimekwisha kukutumia kwa simu. Jumapili jioni nipigie, uniambie kama ile sauti ya mafuta uliisikia.

Baba yako