Barua kwa wanangu wa kikoba: msingoje mpaka muone siku zenu

Wanangu,

Asalaam alaikum, na Tumsifu Yesu Kristo kwa mnaoitikia hivyo.

Jumamosi iliyopita, tukiwa katikati ya kuhesabu hisa, mwenzenu mmoja alitoka mbio kwenda kutapika nyuma ya ukuta. Mtoto wake wa miezi 8 alibaki mapajani mwangu, na tayari mimba nyingine imeingia. Aliporudi mlitazamana mkacheka, na mmoja wenu akauliza kwa sauti kama kweli mtu hawezi kusubiri. Sikupenda. Nilinyamaza kwa kuwa na mimi nina yangu, na leo nayasema ili mnicheke mimi mumwache yule.

Mwaka 1983 nilikuwa mkunga kamili, sare imepigwa pasi, nawafundisha wanawake wa Tanga uzazi wa majira, kama tulivyouita uzazi wa mpango wakati ule. Nikajifungua kifungua mimba wangu. Likizo ilipokwisha nikarudi kazini, mtoto nikamwacha kwa dada na uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe. Nilimnyonyesha usiku na alfajiri tu. Siku zangu hazijarudi, basi nikajua niko salama, si nanyonyesha? Mtoto alipofika miezi 7 nikaanza kuchukia harufu ya samaki. Mtu wa Tanga akichukia samaki hahitaji kipimo. Wanangu hao wawili wamepishana miezi 14, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alitangaza mtaa mzima kwamba nimembemenda mtoto, yaani nimemdhoofisha kwa kulala na mume huku nanyonyesha.

Kosa langu ndilo kosa la mwenzenu, nalo ni hili: nilingoja damu. Yai hutangulia, damu hufuata kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo yai la kwanza baada ya uzazi laweza kutoka kabla hujaona siku zako, na likikutana na mbegu, hiyo damu unayoingoja huioni tena. Mama asiyenyonyesha anaweza kushika mimba hata kabla ya arobaini. Sisi wakunga tunamhesabia siku 21 tangu kujifungua, zikipita anahitaji kinga.

Kunyonyesha kunazuia mimba, sikatai. Lakini kuna masharti matatu na yote yawepo kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, anapewa ziwa tupu mchana na usiku bila uji wala maji, na mama hajaona siku zake. Hapo, kati ya akina mama 100, ni kama wawili tu watakaoshika mimba katika miezi hiyo 6. Sharti moja likivunjika, kinga imevunjika siku hiyo hiyo. Mimi nililivunja kwa kikombe cha uji.

Mtaniuliza, mbona bibi zetu hawakuwa na vijiti vya uzazi wa mpango na watoto wao walipishana? Bibi zenu walikuwa na nyumba ya mama. Mzazi alirudi kwao, akachuliwa, akafungwa mkanda, na wengine walikaa huko mpaka mtoto atembee. Mume alikuja na kitoweo, akasalimia ukumbini, akaondoka. Ninyi mna chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati, na mume anayerudi kila jioni. Hamjakosa adabu kuliko wao. Mmekosa ukuta.

Na kuhusu kubemenda: tendo la ndoa haliharibu maziwa, wala mbegu haziingii kwenye ziwa. Ila wazee waliona jambo la kweli wakalipa sababu isiyo yake. Mimba mpya ikiingia, mama huachisha ziwa ghafla, mtoto hupewa uji mtupu, miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi. Nimewapokea wengi wodini. Hata neno kwashakoo asili yake ni Ghana, kwa kabila la Waga, nao waliita hivyo ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapokuja. Watu wa mbali kabisa na sisi, na waliona kilekile. Kwa hiyo nafasi ya miaka miwili tangu kujifungua hadi kubeba mimba nyingine, inayoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, si mambo ya wageni. Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara, inawataja akina mama wanaonyonyesha miaka miwili kamili.

Sasa njia zenyewe. Mkiniuliza ningechagua nini leo kama ningekuwa na umri wenu, ningesema kijiti. Kinawekwa chini ya ngozi ya mkono kwa ganzi, unaweza kuwekewa kabla hujatoka wodini hata kama unanyonyesha, na kwa mwaka hata mwanamke mmoja kati ya 100 hafiki wa kubeba mimba. Cha njiti moja ni miaka 3, cha mbili ni miaka 5. Hakitembei kwenda moyoni. Ukipapasa kwa kidole kipo palepale. Kinachowakimbiza wengi ni damu. Wengine huona matone kila siku chache, wengine hawaoni kabisa miezi na miezi, na hapo jirani anasema damu inajaa tumboni. Haijai. Utando wa ndani ya mfuko wa uzazi unakuwa mwembamba, basi hakuna cha kutoka. Kama inakusumbua rudi kliniki, dawa ya kuituliza ipo, na ukitaka kitolewe ni haki yako hata kama ni mwezi wa pili. Siku ya kuwekewa muulize muuguzi: nikitaka kutoa, nani hapa anatoa na siku gani? Kuweka wanajua wengi, kutoa ndiko kwenye foleni.

Kitanzi, au lupu, kina sifa mbaya kisizostahili. Cha shaba hakina homoni hata kidogo na kinakaa miaka 10. Kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, hata wakati wa upasuaji. Ukipitwa na hapo unangoja wiki 4. Ndiyo maana nawaambia amueni kliniki ya mimba, maana mwenye uchungu haamui kitu. Kilichowekwa mapema huweza kudondoka, basi nenda ukaangaliwe. Na hedhi huwa nzito miezi ya mwanzo. Mwenye upungufu wa damu aseme kabla.

Sindano ya miezi mitatu mnaipenda kwa sababu ni siri. Hakuna njiti mkononi wala pakiti chini ya godoro. Sawa. Anayenyonyesha kwa kawaida hungoja wiki 6. Lakini ukiiacha, mimba inachelewa kurudi, kwa wastani kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho. Haiui kizazi, inachelewesha. Mwenye mpango wa mtoto mwakani asiichague halafu aje kunililia mimi.

Vidonge viko aina mbili na hapa ndipo watu hukosea duka la dawa. Anayenyonyesha apewe vya homoni moja. Vile vya homoni mbili vinaweza kupunguza maziwa, tunavisogeza mpaka mtoto afike miezi 6, na mwenye presha haviguswi kabisa. Aliyepata kifafa cha mimba aseme hilo kabla ya lolote. Anayetumia dawa za TB naye aseme, kwani baadhi yake hudhoofisha vidonge na kijiti. Kondomu mnaijua, na ndiyo pekee inayokinga magonjwa. Kumwaga nje ni bora kuliko kumwachia Mungu, lakini mimi nimezalisha watoto wengi wa kumwaga nje.

Waliomaliza kuzaa: kufunga mirija hufanyika ndani ya siku 7 au baada ya wiki 6. Na wanaume nao hufungwa, kwa kisu kidogo zaidi, ila wangoje miezi mitatu kabla ya kuamini.

Mume mshirikisheni kama ni mtu wa kushirikishwa. Wengi wao ni waelewa kuliko tunavyowadhania. Lakini mkiambiwa dirishani "kamlete mumeo kwanza atie saini", mjue kijiti, kitanzi, sindano na vidonge havidai saini ya mtu. Muombe muuguzi mwingine, au nipigieni mimi tuende wote. Mabango ya Nyota ya Kijani, alama ya huduma za uzazi wa mpango, mnayajua, na kwenye vituo vya serikali huduma ni bure.

Yule mwenzenu nimekwisha zungumza naye. Mtoto wake ataendelea kunyonya, mimba haikatazi hilo, na mama ale vizuri. Ninyi mliocheka, Jumamosi mchangieni mayai na dagaa. Wenye watoto chini ya miezi 6 waje saa tisa, kabla ya hisa, na kadi zao za kliniki. Nitakuwa chini ya mwembe.

Mama yenu,
Mkunga mstaafu, Tanga