Risala ya Wahitimu wa Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa dhati kwa kuacha majukumu yako mazito na kujumuika nasi. Chuo hiki kilianza na darasa moja, na leo kina maabara ya mafunzo kwa vitendo, bustani ya mboga inayosifika tarafa nzima na timu ya netiboli iliyofika robo fainali, mafanikio ambayo hatutayaeleza kwa kirefu kwa kuwa muda wako ni mchache na ombi letu ni kubwa.

Mheshimiwa, wodini mtoto huletwa akiwa amezidiwa; kijijini tunamkuta bado anacheza, ilhali utepe wa kupimia mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, kwenye rangi nyekundu ya utapiamlo mkali, na mama hana habari. Huko ndiko tunakojifunza kuhesabu pumzi kwa dakika nzima bibi akiendelea kumbembeleza mjukuu, na kukumbuka kwamba kwa mwenye kikohozi, wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Huko pia tunasoma kadi za kliniki na kuwabaini waliochanjwa surua wakiwa na miezi 9 wasirudi kwa dozi ya miezi 18. Mdoli wa maabara, kwa heshima zote, halii wala hana bibi.

Kikwazo ni usafiri. Tunakwenda kwenye huduma ya mkoba, yaani ya kuwafuata wananchi vijijini, kwa bodaboda, kwa fedha zetu, mizani ya kuning'iniza ikiwa mapajani, na masika yakianza tunaishia vijiji vya kandokando ya lami, ambavyo ndivyo vyenye zahanati.

Ombi letu la gari si geni. Mgeni rasmi wa mahafali yaliyopita aliahidi gari mbele ya hadhara hii, akapigiwa vigelegele. Aliyemtangulia aliahidi lilo hilo. Chuo kilijenga banda la kuliegesha, ambalo kwa sasa tunaanikia sare siku za mvua. Barua zetu za kukumbushia zimejibiwa kwa upole kwamba suala linafanyiwa kazi, nasi hatuna shaka kwamba linafanyiwa.

Sisi tunaondoka, tunawaombea wadogo zetu gari moja imara, hata lililokwisha kutumika, pamoja na fungu la mafuta. Ikikupendeza kuahidi, tunakuomba ututajie pia mwezi wa utekelezaji na ofisi ya kufuatilia, ili katibu ayaandike kwenye muhtasari wa leo.

Tunaomba kuwasilisha.